Vichwa vya Habari Visivyokuwa na Macho



Wachuuzi wa sokoni husema kwamba gazeti la jana ni la kufungia nyama. Sisi twaona gazeti la jana ni shahidi. Shahidi wa damu na nyama huweza kuhongwa, huweza kutishwa, huweza hata kupotea njiani akielekea mahakamani. Gazeti la mwaka 1959 halitishiki. Lilichosema limesema, na serikali yote ikijikusanya pamoja na polisi wake haiwezi kulirudia ikafuta nukta moja.

Kwa hiyo katika ukurasa huu tumeamua kuwaita mashahidi hao wazee kizimbani, tuvisome upya vichwa vya habari ambavyo siku zake vilitangazwa kwa kishindo. Tutacheka, maana vingine vinachekesha kweli. Lakini twaomba tucheke kama wanavyocheka walionusurika: jicho moja likicheka, la pili likiutazama mlango.

KOSA LA HARAKA NA KOSA LA UTIIFU

Kwanza tutofautishe makosa. Tarehe 3 Novemba 1948, gazeti la Chicago Daily Tribune la Marekani lilitangaza kwa herufi za kutisha kwamba Dewey amemshinda Truman katika uchaguzi wa urais. Wachapaji wake walikuwa wamegoma, gazeti likalazimika kwenda mtamboni mapema, kura zikiwa bado zinahesabiwa. Kulipopambazuka mshindi alikuwa Truman. Akasimama nyuma ya garimoshi mjini St. Louis, akaliinua gazeti lile juu kwa mikono miwili, akacheka kicheko ambacho picha yake inachekesha watu hadi leo.

Hilo lilikuwa kosa la haraka. Dawa yake ni subira, na aliyeumia ni mhariri peke yake, tena aliumia heshima tu.

Huku kwetu vichwa vingi vya habari vilivyokosea havikukosea kwa haraka. Vilikosea kwa utiifu. Mhariri alikuwa na muda wa kutosha. Alichokosa ni ruhusa. Taarifa ililetwa ikiwa imekwisha kupikwa, naye akaipakua ikiwa moto. Kosa la haraka humfanya mkubwa acheke. Kosa la utiifu humfanya mdogo azikwe kimya. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo sababu ya makala haya.

MAJI YENYE MARUNGU

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, watu 11 waliowekwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau walipoteza maisha. Kesho yake serikali ya kikoloni ikatoa taarifa kwa magazeti. Watu hao, ilisema, walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji.

Itazameni kazi ya neno hilo "baada". Serikali haikusema kwamba maji yaliwaua. Ilisema walikufa baada ya kuyanywa. Na ni nani aliyepata kufa duniani kabla ya kunywa maji? Methusela mwenyewe alikufa baada ya kunywa maji, ijapokuwa alichukua muda. Uchunguzi wa hakimu ulipofanywa, ilionekana kwamba maji ya Hola yalikuwa na marungu ndani yake: watu wale walipigwa hadi kufa na askari waliotumwa kuwashurutisha kufanya kazi. Habari ikavuka bahari, ikalitikisa Bunge la Uingereza, na taarifa ya gari la maji ikawa aibu isiyokauka.

Mwaka uliofuata, Mei 1960, Gavana Sir Patrick Renison aliitangazia dunia kwamba Jomo Kenyatta ni kiongozi wa kuwapeleka watu kwenye giza na mauti. Waliosoma maneno hayo magazetini wakafunga milango na madirisha. Tarehe 1 Juni 1963, kiongozi huyo wa giza akawa Waziri Mkuu. Agosti mwaka huo huo aliwahutubia walowezi mjini Nakuru, akawaambia kwamba yaliyopita yasameheane, nao wakampigia makofi. Giza lilikuwa limegeuka taa kwa muda wa miaka 3. Kenyatta alikuwa yule yule, na ndevu zake zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni mkono ulioshika funguo.

Tungependa kusema kwamba wakoloni walipoondoka waliondoka na taarifa zao. La hasha. Waliacha kalamu mezani, ikaokotwa.

Tarehe 2 Machi 1975, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, alionekana kwa mara ya mwisho akiwa hai, katika Hilton Hotel ya Nairobi. Siku chache baadaye Daily Nation likawaarifu Wakenya kwamba JM yuko Zambia. Safari hiyo ingemshangaza marehemu, maana mwili wake ulikuwa umekwisha kuonekana katika milima ya Ngong, na wakati nchi inaambiwa yuko ng'ambo, yeye alikuwa amelazwa katika chumba cha maiti cha jiji, mwendo mfupi tu kutoka meza ya mhariri. JM aliwahi kuwa kizuizini chini ya mkoloni. Aliyanusurika maji ya mkoloni, asiinusurike nchi aliyoipigania.

Hapa hatucheki. Twataja tu kwamba kutoka gari la maji la Hola hadi safari ya Zambia ni miaka 16, na ufundi ni ule ule.

MANABII MIA NNE

Wasomaji wetu wa makanisani wanamkumbuka Mfalme Ahabu. Alipotaka kwenda vitani Ramoth-Gileadi aliwakusanya manabii wapata mia nne, wote wakamwambia kwa sauti moja: nenda, utashinda. Hilo lilikuwa gazeti la serikali. Alikuwapo pia Mikaya mwana wa Imla, ambaye mfalme alimchukia kwa kuwa hakuwahi kumtabiria jema. Mikaya akasema alichokiona, akatiwa gerezani kwa mkate na maji. Ahabu akaenda vitani, na hakurudi akiwa hai.

Sasa twende 1988. Uchaguzi ulikuwa wa mlolongo: wananchi walipanga foleni mchana kweupe nyuma ya mgombea wao au wakala wake. Mtoto wa chekechea angeweza kusema ni foleni ipi iliyo ndefu. Hata hivyo, wasimamizi katika sehemu nyingi waliweza kutangaza kwamba foleni fupi imeishinda foleni ndefu, na ushindi huo ukasomwa redioni na kuchapwa magazetini bila kukohoa. Hesabu ilikuwa imegeuka kuwa tawi la siasa.

Beyond, jarida la Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, liliandika yale ambayo watu waliyaona kwa macho yao. Machi 1988 likapigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo. Manabii mia nne wakabaki na kazi zao. Mikaya akala mkate wake na maji. Mwishoni mwa 1990 chama chenyewe kikaukataa mlolongo kuwa haufai, lakini hatukuona kichwa cha habari kilichosema kwamba jarida la makanisa lilikuwa na haki.

MNARA USIOJENGWA

Mwaka 1989 nchi iliambiwa ijiandae kwa fahari. Chama cha KANU na gazeti lake, Kenya Times, vilikuwa vinataka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai akauliza swali ambalo mama yeyote angeuliza: watoto watachezea wapi? Bungeni akatukanwa, na vuguvugu lake la Green Belt likadhihakiwa kama genge la wanawake walioachika. Rais Moi mwenyewe akasema kwamba wanaolipinga jumba lile wana wadudu vichwani.

Tuulize leo, huku tukijua tunachokijua, wadudu wale walikuwa katika kichwa cha nani. Wafadhili walijitoa, jumba halikujengwa, na ua uliokuwa umewekwa kuzunguka kiwanja ukang'olewa mwaka 1992. Mwaka 2004 mama mwenye wadudu akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Gazeti lililotaka ghorofa 60 limekwisha kufungwa, na halina hata ghorofa moja. Na bustani je? Tarehe 30 Desemba 2002, Mwai Kibaki aliapishwa kuwa Rais katika Uhuru Park hiyo hiyo, KANU ikiondoka madarakani. Tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ikatangazwa rasmi hapo hapo. Kama wale wenye akili timamu wangeshinda mwaka 1989, tungelazimika kuizindua Katiba yetu katika maegesho ya magari ya KANU.

WEMBE NA MUGUMO

Tukifika miaka ya ukombozi wa pili, vichekesho vinajaa kapu. Tarehe 1 Januari 1990, Mchungaji Timothy Njoya alihubiri mjini Nairobi kwamba tawala za chama kimoja zilizokuwa zinaanguka Ulaya Mashariki zina ndugu zao Afrika. Askofu Henry Okullu akaunga mkono madai ya vyama vingi. Mei mwaka huo Kenneth Matiba na Charles Rubia wakasema hadharani, na Julai wakatiwa kizuizini. Wananchi walipojitokeza Kamukunji tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, walipigwa risasi, kisha Rais akawaita wahuni na watumiaji wa dawa za kulevya.

Tutaje kwa huzuni kichwa cha habari kimoja cha mwaka huo ambacho hakikukosea. Agosti 1990, waziri Peter Okondo alionya kwamba Askofu Alexander Muge wa Eldoret na Askofu Okullu wakikanyaga Busia wataona moto na huenda wasitoke wakiwa hai. Magazeti yakayachapa maneno hayo. Tarehe 14 Agosti Askofu Muge akaenda Busia, akawahudumia waumini, na akafa katika ajali ya barabarani akirudi. Waziri akajiuzulu. Makosa ya magazeti tumeyacheka. Usahihi wa siku ile ulituliza.

Lakini kapu bado limejaa. Viongozi wa KANU walitangaza kwamba chama chao kitatawala miaka 100. Tumepiga hesabu. Tangu 1963 hadi 2002 ni miaka 39. Bado wanatudai 61, na hatuoni dalili ya kuwalipa.

Mwaka 1991, Mwai Kibaki, wakati huo Waziri wa Afya, alisema kwamba kujaribu kuiondoa KANU madarakani ni sawa na kujaribu kuukata mti wa mugumo kwa wembe. Msemo ule ulikuwa mtamu, ukapita kutoka gazeti hadi gazeti. Siku ya Krismasi mwaka huo huo mzee akajiuzulu, akaunda chama chake cha Democratic Party. Miaka 11 baadaye mugumo ukaanguka, na aliyesimama kando ya shina akiwa ameshika wembe alikuwa yeye mwenyewe. Tumsamehe marehemu, maana alikuja kuwa na manufaa. Ila tukumbuke wembe ulikuwa nini: ulikuwa karatasi ya kura, na waliounoa ni watu waliokwisha kuitwa wahuni.

Kichekesho kikubwa kupita vyote kilichezwa Kasarani tarehe 3 Desemba 1991. Wajumbe wa KANU walisimama mmoja baada ya mwingine wakalaani vyama vingi. Vyama vingi ni ukabila, walisema, ni vita, ni njama za mabeberu. Mwishoni akasimama Rais Moi, ambaye wafadhili walikuwa wamemfungia mkoba wiki moja kabla, akatangaza kwamba Kifungu cha 2A cha Katiba kitafutwa na vyama vingi viruhusiwe. Kulikuwa na pumzi moja ya ukimya. Kisha wajumbe wale wale, kwa mikono ile ile, wakapiga makofi. Mabeberu walisamehewa kwa dakika moja. Asubuhi walisema hapana kwa sababu Mtukufu anasema hapana, na jioni wakasema ndiyo kwa sababu Mtukufu amesema ndiyo. Hawakubadilisha msimamo hata kidogo: msimamo wao ulikuwa kupiga makofi.

MTAMBO HAUJAZIMWA

Msomaji atasema: hayo ni ya zamani, siku hizi magazeti yako huru na kila kijana ana simu mfukoni. Twakubali kwamba mengi yamebadilika, na walioyabadilisha walilipa. Lakini na tusome ya juzi kwa macho haya haya.

Tarehe 25 Juni 2024, wabunge 195 walipitisha Mswada wa Fedha huku vijana wakipigwa risasi nje ya Bunge. Usiku ule Rais Ruto akayaita matukio yale uhaini. Kesho yake, tarehe 26, akatangaza kwamba hatautia saini mswada ule, na wabunge wake waliosimama nyuma yake wakapiga makofi. Kasarani ilikuwa imehamia Ikulu. Mwezi uliofuata tukaambiwa kwamba ghasia zilifadhiliwa na wageni wenye pesa. Tulipoyasikia maneno hayo tuliyafuta vumbi, tukayatambua: ni mabeberu wetu wa mwaka 1991, wamenyoa ndevu tu.

Juni 2025, kijana mmoja, mwalimu, alifia katika korokoro ya polisi Nairobi. Taarifa ya kwanza ilisema kwamba aliumia baada ya kujigonga kichwa ukutani. Madaktari waliochunguza maiti wakaona majeraha ambayo mtu hawezi kujitia mwenyewe, na Inspekta Jenerali wa Polisi akaomba radhi mbele ya Seneti. Ndugu wasomaji, kutoka 1959 hadi 2025 ni miaka 66. Bendera imebadilika, katiba zimebadilika, na lile neno "baada" bado liko kazini, mshahara wake haujakatwa. Jana lilikunywa maji, leo limegonga ukuta.

Hii ndiyo hoja yetu. Kicheko cha miaka 30 baadaye ni kicheko cha bei rahisi. Kila mtu leo anajua kwamba maji ya Hola hayakuua. Kazi ilikuwa kujua siku ile, asubuhi ile, gazeti likiwa bado linanukia wino. Na wapo waliojua. Njoya hakungoja 2002 ndipo aone. Wangari hakungoja Nobel. Beyond halikungoja mlolongo ufutwe. Wote walikuwa na habari zile zile tulizokuwa nazo sote, ila waliuliza maswali matatu, na twayaandika hapa ili yabandikwe mlangoni.

La kwanza: nani ametenda? Habari ikisema watu "wamekufa", "wamepotea", "wameumia", na asiwepo aliyeua, aliyepoteza wala aliyeumiza, jueni kwamba mtu ameondolewa katika sentensi kama alivyoondolewa maiti kwenye njia ya Ngong.

La pili: nani amesema? Kama msemaji ni mmoja tu, naye ndiye mshtakiwa, hiyo si habari. Hiyo ni utetezi uliotangulia mashtaka.

La tatu: nani hakuulizwa? Hola hawakuulizwa waliobaki hai. Mwaka 1988 haikuulizwa foleni ndefu. Asiyeulizwa ndiye mwenye habari.

Kwa ndugu zetu wa makanisani tuna neno la ziada. Mimbari nayo ni gazeti, tena lina wasomaji wengi kupita yote, na mkubwa anapokuja Jumapili na bahasha ya harambee huja kununua ukurasa wa kwanza. Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki walionya juu ya utamaduni wa uongo ulioingia katika uongozi, na wakubwa wakanuna. Kununa kwao ni cheti chema. Kanisa lililowahi kumzika Muge halina haki ya kuwa nabii wa mia nne na moja.

Tunaloomba ni dogo. Kila kikundi cha parokia, kila kamati ya mtaa, ianzishe sanduku. Kila taarifa ya kifo kisichokuwa na muuaji, kila ahadi ya mradi, kila tusi la "wahuni" na "vibaraka" likatwe gazetini, litiwe tarehe, litiwe sandukuni. Taarifa zinazotolewa kwenye simu zinakiliwe kwa mkono, maana hizo hufutwa usiku. Mara moja kwa mwaka, tarehe 7 Julai, sanduku lifunguliwe, lisomwe kwa sauti mbele ya watu wote, na aliyesema aalikwe kuja kuyasikiliza maneno yake mwenyewe. Asipokuja, kiti chake kiachwe wazi, na usomaji uendelee.